Hati Iliyokuja kwa Jina la Sadiq

Shangazi Florence, shikamoo. Nakuandikia kwa simu, si kwa kompyuta, na ukisoma utaelewa kwa nini. Naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana najua utanigombeza, mimi husoma majibu yako gazetini kila Jumamosi na ulimi wako naujua.

Mimi ni karani katika shirika dogo la misaada hapa Garsen, tunaandikisha familia zilizopigwa na ukame na mafuriko, na mume wangu Sadiq ni mtu wa Kau, alikwenda Uarabuni kuendesha malori, akawa ananipigia simu kila Ijumaa baada ya sala, ananiita Mwana Kipini kwa sababu kwetu ni Kipini na yeye hunitania kwamba watu wa Kipini tunaringa, nami namwambia nyamaza Mkau wee, tunacheka mpaka salio linakatika, kisha Ijumaa moja simu haikuja, na iliyofuata haikuja, na sasa ni mwaka na zaidi, namba yake haipatikani, jumbe ninazomtumia WhatsApp zinabaki na tiki moja, na bado natuma, namwambia leo mvua imenyesha, leo mto umejaa, leo nimepika samaki wa nazi nikakukumbuka. Nina hamu naye, Shangazi, hamu ambayo haina adabu, inanijia hata nikiwa kwenye mkutano wa kazi.

Nilimtafuta. Niliweka picha yake Facebook, nikaandika jina lake kamili, Sadiq Abubakar, na kwao Kau, na kazi yake ya malori, na kwamba mimi ndiye mkewe Salama, nikaweka na anwani ya barua pepe ya ofisini ili aliyemwona aniandikie. Watu walinipa pole nyingi na habari hakuna.

Basi asubuhi moja wiki hii nafungua kompyuta ya kazi nakuta barua, kichwa chake ni Habari za Sadiq Abubakar, na ndani imeandikwa, "Mke wangu mpendwa Salama, mimi niko hai, maelezo yote yamo katika hati niliyoambatisha, tafadhali ifungue kwa kompyuta." Nikaifungua hapo hapo, ukatokea ukurasa wenye maandishi yaliyofifia, hayasomeki, na juu yake maneno kwamba hati inalindwa, nibonyeze kitufe cha kuruhusu ndipo nitaweza kuisoma. Hapo ile programu inayokinga kompyuta na virusi ikatoa onyo jekundu, inataka kuifuta. Kuifuta! Nimengoja muda wote huo halafu mashine inifutie mume wangu? Nikalifunga lile onyo, nikabonyeza kuruhusu. Kikatokea kidirisha cheusi, kikapotea kabla sijakiona vizuri, na maandishi yakabaki vile vile.

Nikadhani kompyuta yangu ndiyo mbovu. Na kwetu, Shangazi, habari ya mtu aliye mbali haikaliwi, ikikufikia unaipeleka mbele kwa mwingine, ni amana. Hata kwa kina Bilan, mwenzangu wa ofisi yetu ya Madogo ambaye ni Msomali, msafiri akifika huulizwa habari za alikotoka kabla hajanywa chai. Basi nikaituma ile hati kwa Bilan na kwa wenzetu wa ofisi ya Kipini, nikawaambia jamani hii ni ya Sadiq, jaribuni kwenu, ikifunguka nisomeeni. Wakajaribu wote, kwa mapenzi yao, na haikufunguka kwa yeyote.

Tangu hapo mambo si mambo. Kompyuta inavuma kutwa na kazi haifanyi, na jana Bilan akanipigia simu.

"Salama, una nini wewe? Umejibu barua yetu ya mwezi uliopita, ile ya kugawa mbuzi, umeniwekea hati nyingine na unanihimiza niifungue haraka."

"Mimi? Sijatuma kitu, Bilan."

Akasema, "Basi huyu anayeandika kwa jina lako ni nani? Mimi namwambia Abdiwahid."

Abdiwahid ndiye anayeangalia kompyuta za ofisi zetu zote. Nikamwambia wallahi Bilan, nakuomba, ningoje kidogo. Akadhani naogopa kufutwa kazi. Siogopi hilo sana. Naogopa kwamba Abdiwahid atasafisha mashine zote na ile hati itakwenda na maji, na ikiwa kweli ni ya Sadiq je? Kwa hiyo nimeinakili kwenye flashi, nimeifunga kwenye pindo la leso, natembea nayo na nalala nayo, na nafikiria kuipeleka saiba, pale wanapokodisha kompyuta karibu na stendi, huenda mashine zao ni nzuri zaidi.

Linaloniua hasa ni hili. Siku ile ile nilimpigia mama mkwe kule Kau nikamwambia mama, barua ya Sadiq imekuja. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakamiminika. Amefua kanzu ya mwanawe na kuitundika msumarini nyuma ya mlango, na kila jioni ananiuliza, "Mwanangu, imefunguka?" Namwambia bado, mama, kesho.

Nikuambie na jingine. Sadiq hajawahi kuniita mke wangu mpendwa, hata siku ya harusi. Lakini mtu akikaa mbali sana si hubadilika maneno, Shangazi? Niambie, nimweleze Abdiwahid, au ningoje kidogo mpaka ifunguke?

Salama, Garsen. (Majina yetu nimeyabadilisha.)

*

Marahaba, Salama. Jibu hili nimekutumia kwenye simu leo leo, kwa sababu haliwezi kungoja Jumamosi. Gazetini litatoka kwa faida ya wengine. Kabla hujasoma zaidi, inuka. Nenda kachomoe waya wa intaneti kwenye kompyuta yako, na kama mnatumia Wi-Fi, izime. Kompyuta yenyewe usiizime na usifute kitu chochote. Iache ikiwaka, imetengwa peke yake, mtu asiiguse. Kisha mpigie Bilan na wa Kipini wafanye vivyo hivyo kwa kila mashine iliyofungua hati ile. Nenda, mimi nipo.

Umerudi? Haya. Hati ile haikutoka kwa Sadiq. Nalisema moja kwa moja kwa sababu ukizungukwa zungukwa utazidi kutumaini. Angalia walichokijua hao waliokuandikia: jina lake kamili, jina lako, na anwani ya ofisi. Vyote hivyo uliwapa wewe kwenye tangazo lako. Jambo ambalo hukuliandika, lile jina analokuita, hawakulijua. Na wewe uliliona hilo kabla yangu, mwanangu, ndiyo maana ukaliacha mpaka mwisho kabisa wa barua.

Sikucheki. Ningeletewa mimi barua kwa jina la marehemu mume wangu, pengine ningeifungua pia. Lakini kukugombeza lazima. Mashine ilikuonya, ukaifunga mdomo! Maandishi yale hayakufifia kwa bahati mbaya, yalichorwa vile makusudi ili ubonyeze, na ulipobonyeza uliwafungulia mlango. Barua ya heri haikulazimishi kulegeza ulinzi wa mashine ndipo uisome. Kisha ukawasambazia wenzako. Desturi yenu ya kupeleka habari mbele ni nzuri, wala siitukani, lakini mpeleka habari kwanza humtazama usoni anayempa. Wewe ulimtazama nani?

Sasa wanamwandikia Bilan kwa jina lako, kama walivyokuandikia wewe kwa jina la Sadiq. Na kwenye mashine hizo mna nini? Familia zote mnazoziandikisha, namba zao za simu na mahali wanapokaa. Hebu niambie, kati ya wanawake hao hakuna mwingine ambaye mumewe yuko mbali na simu haiiti? Wamo tele. Kila siku unayongoja, hao wanaweza kupata barua kama yako. Utakubali?

Basi mpigie Abdiwahid sasa hivi, kwa simu, si kwa barua pepe, maana barua zenu huenda zinasomwa. Mweleze yote bila kupunguza: uliifungua lini, ulibonyeza nini, onyo ulilolifunga, na wote uliowatumia. Akikuruhusu, badilisha pasiwadi zako, na usitumie mashine hizo kuzibadilishia. Bilan mwombe radhi, yeye alitaka kusema ukamziba. Familia nazo zitaarifiwa, na hilo mwachie meneja, lakini alijue leo. Na fungua hilo pindo la leso. Saiba usikanyage! Flashi mkabidhi Abdiwahid mkononi, umwombe akitazame kilichomo kwa njia zake za usalama, kisha akwambie wewe uso kwa uso. Naamini atakwambia hamna neno hata moja la Sadiq. Utalia. Lia, nani atakukataza?

Ukishapangusa uso, nenda Kau. Usimpigie simu mama mkwe, nenda ukakae naye. Mwambie barua ilikuwa ya waongo na wewe ulidanganyika. Atakasirika, umvumilie, furaha ile ulimpa wewe. Lakini usikubali mtu yeyote pale aanze kuzungumza matanga. Barua ya uongo haisemi amekufa wala haisemi yu hai. Mko pale pale mlipokuwa kabla haijaja, na kanzu ikae hapo hapo msumarini.

Kumtafuta usiache. Nendeni wewe na mama kwa watu wa Msalaba Mwekundu, wanatafuta jamaa waliopotezana, na muandikie ubalozi wetu katika nchi aliyokwenda, mkiambatisha picha yake na nakala ya pasipoti. Kwenye tangazo ondoa anwani ya kazi. Na akitokea mtu kusema amemwona Sadiq, kabla hujafungua chochote, muulize swali moja tu: mume wangu huniita nani? Hilo la Mwana Kipini litakalochapwa gazetini, pamoja na maelezo yake, ni langu, nimeliweka badala ya lile la kweli uliloniandikia. Lile sitalichapa wala sitalitaja kwa mtu, liko kwenu wawili.

Na zile jumbe zenye tiki moja, za mvua na mto na samaki wa nazi, endelea kumtumia. Hizo hazimdhuru mtu.