Shahamu Niliipaka Mimi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nimeagizwa niandike barua ya kuomba radhi. Mwalimu Mkuu ametaka iwe ya Kiingereza, ukurasa mmoja, na Ijumaa asubuhi niisome kwa sauti mbele ya shule nzima. Nisipoisoma, jina langu halitapelekwa kwenye mtihani. Basi nimeketi hapa barazani kwetu Mtongwe, kalamu mkononi. Radhi ninayo ya kuomba, ila kila nikianza kumwandikia yule niliyeambiwa, mkono unakuandikia wewe. Nimeuacha uandike, na kwa Kiswahili, maana ndicho ulichonikemea nacho na ndicho ulichonibembeleza nacho.

Kosa langu la shuleni ni kuandika kwa wino ndani ya kitabu cha maktaba. Kosa langu kwako ni la zamani zaidi, na hilo hakuna aliyelijua ila mimi na wewe.

Unaikumbuka bildi yako? Wasichana wenzangu hawaijui, wataniuliza. Ni pande la risasi lililofungwa kamba, ulilolitupa mbele ya mashua ya bandari ili upime kina cha maji. Chini yake palikuwa na kitundu, nawe kila asubuhi ulikijaza shahamu ya kondoo, ili bildi ikigusa chini irudi na chembe za huko ilikofika. Ulizitazama, ukazinusa, mara nyingine ukazitia ulimini, ukasema: hapa tuko nyuma ya Mtongwe, hapa tumekaribia Changamwe. Mama hakukubali kula nawe sahani moja mpaka usukutue.

Kisha akaja yule mtaalamu wa matope kutoka Ulaya. Alikuwa na winchi na mabomba marefu ya chuma, aliyoyashusha mpaka sakafu ya bahari yakarudi yamejaa tope, tabaka juu ya tabaka, la juu la juzi na la chini la kabla ya Nuhu. Alikuchukua wewe umwonyeshe penye tope laini. Siku hizo ulikuwa ukirudi nyumbani unaongea mpaka chai inapoa. Siku moja ukatueleza kwamba mmekwenda nje ya mwamba, kwenye maji ya kina kirefu, na tope lililotoka huko lilikuwa baridi kama maji ya mtungi. Lilipofika juu likaanza kufoka mapovu, linatutumka kama uji unaotaka kumwagika. Mama akauliza huyo Mzungu alisema nini. Ukasema hakusema kitu, alikuwa ameshika ukingo wa mashua anatapika, na alipoinua kichwa mapovu yalikuwa yamekwisha.

Mimi sikuamini. Sikusema, maana mimi husema kwa nyusi tu, lakini uliziona. Jumamosi maji yalipokupwa ukanichukua kwenye mikoko, na chupa na kibiriti. Ukachoma tope kwa fimbo, mapovu yakapanda, ukayakinga kwa chupa iliyojaa maji uliyoigeuza kichwa chini. Chupa ilipojaa hewa ukawasha kijiti. Ulitoka ulimi wa moto wa buluu, mwembamba, ukafa. Nikashtuka nikakaa topeni na gauni langu safi.

Ukasema, "Usiogope. Matope nayo hujamba, ila yana adabu, hayatoi sauti."

Mwalimu Mkuu anisamehe, hayo ndiyo maneno yenyewe, siwezi kuyapiga pasi.

Sasa nifike panaponiuma. Ulileta mabomba nyumbani uyaoshe. Ukaitwa msikitini, ukaniambia niyasuuze kwa maji matamu niyaanike, basi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Nikayasuuza. Kisha nikafikiri: bildi haiendi kazini bila shahamu, basi mabomba je? Nikadhani umesahau. Nikashusha kibati chako cha shahamu kutoka juu ya kabati, nikayapaka yote, ndani na nje, kwa kitambaa kilichofungwa kwenye ufito, mpaka kibati kikabaki kitupu. Nilitaka urudi ufurahi. Ulirudi usiku, mabomba yakachukuliwa alfajiri, hukuyaangalia.

Mtaalamu akaona tope lake linang'aa mafuta. Akawapigia wakubwa wake simu ya upepo kwamba chini ya bahari yetu kuna petroli. Walipolipima kwao, wakakuta kondoo.

Nakumbuka alivyosimama pale mlangoni, shingo nyekundu, na karani wake akitafsiri. Aliuliza ni nani aliyepaka. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, na kibati mkononi. Ukaniona. Wallahi uliniona, Baba, macho yetu yalikutana.

Ukasema, "Ni mimi. Nimezoea bildi."

Akakwambia kazi basi, na kwamba hata yale mapovu uliyomsimulia ni uongo kama mafuta yako. Alipoondoka ulinigeukia, nami nikangoja kofi. Ulisema tu, "Kibati kirudishe mahali pake."

Hukulitaja tena mpaka ulipofariki. Lakini watu hawakuchoka. Kila ulipopita kivukoni palikuwa na mtu wa kuuliza, "Bwana Kombo, leo matope umeyachemsha au umeyakaanga?" Ulicheka nao. Mimi nilikuwa kando yako, na neno moja tu lingetosha, nami sikulitoa. Nilijiambia naona haya. Sasa najua haya yangu ilikuwa ikila kwenye sahani yako.

Mwezi uliopita mtaalamu yule alikuja shuleni kwetu, amezeeka kidogo. Alituhadithia habari za sakafu ya bahari, na alizungumza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Mwisho akatia kichekesho: mzee mmoja wa Likoni aliyekaangia mabomba yake kondoo. Ukumbi mzima ukacheka, walimu nao. Mimi nilitazama kiatu changu. Siku hiyo pia nilinyamaza.

Akaacha kitabu chake zawadi kwa maktaba. Nilikisoma siku tatu, na kamusi. Umo, Baba. Huna jina, unaitwa mwenyeji mmoja, na imeandikwa kwamba habari zake kuhusu mapovu zisitegemewe, kwa kuwa aliharibu tope kwa mafuta.

Nikarudia mstari huo mara nyingi. Nilijua kitu ambacho yeye, pamoja na winchi yake, hakukifikiria. Mafuta hung'aa, hayafoki. Shahamu ukiiacha topeni mwaka mzima haitaleta povu baridi. Na lile tope lilifoka kabla sijashika kibati. Siku ile ya mapovu mabomba yalikuwa makavu, hayajapakwa kitu. Hayo ni mambo mawili, yeye ameyafunga kamba moja akakutwisha wewe.

Ndipo nikachukua kalamu. Pembeni ya ukurasa nikaandika: "Si kweli. Shahamu niliipaka mimi, mtoto wake. Jina lake Kombo. Mapovu aliyaona, na mwenye kitabu hiki alikuwa akitapika."

Mwalimu Mkuu aliniita. Alisema kwa upole, uhuru unakaribia, na wasichana waliosoma wanapaswa kuonyesha heshima. Akanipa wembe nikwangue wino. Nilitia mikono nyuma. Safari hii kunyamaza kwangu hakukuwa kule kwa zamani, naye alilifahamu hilo, ndiyo maana akaagiza barua ya kumwomba radhi mtaalamu.

Mama amenisihi. "Andika anachotaka, mwanangu, ufanye mtihani wako. Babako hasikii."

Nikamwambia, "Mimi nasikia."

Alinitazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema. Kisha akaenda kukoroga chai, akaitia sukari mara mbili.

Mtihani nautaka, Baba, usidhani nauchezea. Nataka kujua ile hewa inakaa vipi huko chini, penye baridi na uzito wa maji yote yale, na kwa nini inangoja kuvutwa juu ndipo ifoke. Mwalimu wetu wa sayansi anasema hajui, na nilimpenda kwa kusema hivyo. Lakini kama mlango wa kwenda kujua unapita juu ya mgongo wako, nitazunguka nyuma ya nyumba nibomoe ukuta.

Kwa hiyo Ijumaa nitasoma hii. Radhi naiomba, mbele ya shule nzima, kwa mtu niliyemkosea: niliharibu kazi yako, nikakuacha uchekwe. Kwa mtaalamu sina radhi, nina swali tu la yale mapovu, na nitamwuliza akirudi.

Kibati nimekishusha kutoka juu ya kabati. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile sikirudishi mahali pake, nakwenda nacho shuleni, wakione mkononi mwa aliyekishika.

Mungu akulaze pema, Baba. Pumzika sasa, nimetoka nyuma ya pazia.

Ni mimi mwanao, niliyepaka.