Kiti cha Baba Kwenye Pikapu

Jumamosi, Gachoka. Jua leo lilikuwa la kukaanga yai kwenye boneti, halafu jioni hii upepo umeanza, na mimi natetemeka. Si baridi. Ni woga, na nauandika hapa kwenye ukurasa wangu kwa sababu nyumbani hakuna wa kumwambia.

Nyinyi mnaonisoma mnanijua. Mimi ni yule mtu wa magari, wa kugombana na kila mtu juu ya kila kitu. Gari la otomatiki ni uvivu wa mguu wa kushoto, nilisema na sijabadilisha. Anayeteremka mlima ametoa gia, gari liko free, ati anaokoa mafuta, huyo ni muuaji anayengoja siku yake. Na anayeosha injini kwa sabuni ya nguo, huyo hata simsalimu. Lakini maneno haya yote si yangu. Ni ya Baba.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ila ukimuuliza kazi yake atakuambia dereva. Aliponifundisha hakuniweka garini kwanza. Alinitembeza kwa miguu kutoka nyumbani hadi sokoni, na kila tulipofika kwenye shimo, kona au mahali ng'ombe huvukia, alinisimamisha niseme nitatumia gia gani. Barabara ambayo hujaitembea usiiendeshe, alisema. Siku iliyofuata ndipo alipofungua mlango wa dereva wa ile pikapu yake nyeupe, akaniita niketi.

Kuitwa ni lazima. Kwetu kiti cha baba hakikaliwi. Nikiwa mdogo nilikalia kigoda chake mara moja tu, na kofi la Mama nalikumbuka mpaka leo. Kiti cha dereva kiko chini ya sheria hiyo hiyo, ndiyo maana ufunguo wa pikapu hulala humo humo garini na hakuna aliyewahi kuugusa.

Sasa, Mama. Mama akiwa kwenye gari hanyamazi. Kila Jumapili Baba huwabeba akina mama wa kwaya kwenda kanisani, wao nyuma kwenye benchi, Mama mbele, na njia nzima ni maneno. Ona ng'ombe za Njeru zimeanza kuvuka. Yule kwenye baiskeli si mtoto wa Ciarunji, upande huu wangu? Hawa wabeba majani ya muguka na pikipiki zao wanakuja mbio, jamani! Sisi watoto tulimcheka miaka nenda miaka rudi. Tulisema redio ya Mama haina mahali pa kuzimia.

Jumatatu Mama alienda Makutano, kule Meru, kwa dada yangu Muthoni ambaye amejifungua, nami nikaja kukaa na Baba. Leo akaniambia twende sokoni tupeleke ndengu. Nikaketi kiti cha Mama, nikanyamaza. Ilikuwa heshima tu, maana humfundishi aliyekufundisha.

Aliendesha vizuri, haki ya Mungu. Kila shimo alilikwepa kabla sijaliona. Kwenye kona ya kanisa akashuka gia ya pili mahali pale pale aliponionyesha nikiwa kijana, na moyoni nikasema mzee bado yuko sawa.

Halafu tukatokea karibu na shule. Wiki hii watu wa barabara wamemwaga rundo la kokoto pale njiani, na watoto walikuwa wamelipanda wakiteleza. Baba hakupunguza mwendo. Nilingoja apunguze. Nikatazama mguu wake, umetulia kwenye mafuta. Nikatazama uso wake, nao umetulia, uso wa mtu anayejua kwamba pale mbele hakuna kitu.

"Baba, breki!"

Sijui sauti hiyo niliitoa wapi. Akakanyaga. Magunia ya ndengu yakagonga bodi nyuma yetu, na gari likasimama bampa ikigusa kokoto. Watoto wengine walikuwa wamekimbia. Mmoja alikuwa bado ameketi, kiatu mkononi, anatuangalia tu.

Baba alipumua. Hakunigeukia. Akasema polepole, kwa Kimbeere, "Mbona hukuongea? Mama yako huongea."

Ndipo nikaelewa.

Mungu wangu, Baba haoni. Anaendesha barabara iliyo kichwani mwake, ile tuliyoitembea kwa miguu, na kila kitu kilichoongezeka tangu siku hiyo, ng'ombe, baiskeli, mtoto, kilikuwa kinamfikia kwa mdomo wa Mama. Na sisi tulikuwa tunacheka.

Kurudi nyumbani niliongea kama mwendawazimu. Nilitaja kila mbuzi. Baba alikuwa anaitikia tu, "Eh. Eh," mikono yake myepesi kwenye usukani, na mimi jasho linanitoka mpaka viganjani.

Kesho ni Jumapili. Kwaya ina wageni kutoka Manyatta, kwa hiyo nyuma kutajaa kuliko kawaida, na wameshakubaliana na Baba awachukue pale dukani, ukishapita shule na zile kokoto. Jioni nikajaribu. Nikamwambia, Baba, kesho niachie mimi niwapeleke. Akacheka. "Wewe uwapeleke, na mimi niko?" Kisha kicheko kikaisha. Akasema siku atakayoshindwa ataniita mwenyewe, kama alivyoniita mara ya kwanza. Akaomba chai.

Nikaenda kuichemsha. Naogopa zile kokoto, na naogopa mdomo wake pia. Nyinyi wa mjini chekeni, lakini mzee wetu akikutamkia neno kwa ajili ya kiti chake, ile laana tunayoiita kirumi, linakufuata wewe na watoto wako. Nina kazi yangu Embu, nina mvi kichwani, na bado naogopa neno la Baba kama mtoto.

Nikampigia Mama. Nilitaka anishauri. Hapana, acha niseme ukweli, nilitaka arudi. Nilikuwa nimeshapanga kichwani: apande gari Makutano alfajiri, awahi ibada, aketi mahali pake aongee, na mambo yaendelee kama zamani. Nikamsimulia habari ya kokoto. Akanyamaza, na sijawahi kumsikia Mama akinyamaza. Nikamwuliza amejua tangu lini. Akasema, tangu zamani. Nikamwomba arudi.

Akashusha sauti, nadhani Muthoni alikuwa karibu.

"Ireri, hata nikirudi haitasaidia. Mimi pia siku hizi naona ukungu tu. Nikisema kuna ng'ombe, huwa nimesikia kengele."

Sikumwuliza juu ya watoto. Watoto hawavai kengele.

Nafikiria Jumapili zote hizo. Wale akina mama nyuma wakiimba, wameshikana mabega, na huku mbele mmoja haoni na mwingine anakisia. Mimi mwenyewe nimepanda pale nyuma na watoto wangu, Krismasi, tukipiga makofi.

Nimetoka nje sasa hivi kuiangalia pikapu. Ufunguo uko pale pale, unaning'inia. Nimesimama kwenye mlango wa dereva, nikashika kitasa, nikakiachilia. Moyo ulikuwa unanidunda hadi masikioni, kwa sababu ya mlango tu, mlango ambao nimeupaka rangi mimi mwenyewe.

Kesho nitaufungua. Baba akiwa bado kwenye chai yake, nitaketi kwenye kiti chake bila kuitwa, nitawasha gari, na nitamngoja atoke nje anikute. Atatamka atakalotamka. Kama ni la kunipata, linipate mguu wangu ukiwa kwenye breki.