Wifi Alivyompima Fundi Mgongo

Shoga, sikia haya. Unamjua fundi cherehani wa nyumba ya pili, yule anayeumwa mgongo miaka nenda rudi?

Leo amelala ubavu, mumewe anamkanda kama kawaida. Wifi yake akachungulia dirishani: "Nyoka! Nyoka kitandani!"

Fundi aliruka, shoga. ALIRUKA. Mbuzi angemwonea wivu. Akaenda kuangukia mlangoni.

Nyoka hakuna. Hata mjusi hakuna.

Wifi anacheka mpaka machozi: "Kaka, umemwona mgonjwa wako?"

Fundi akasema chinichini, "Baba watoto, niinue. Miguu siisikii."

Mumewe akajifuta mafuta mikononi, taratibu. "Miaka yote hii, kumbe nakanda uongo."

Akamvuka pale chini kama anavuka kizingiti, akaenda kula.