Sauti Iliyomsimamisha Neema

Nyamisangura,
Tarime.
Jumapili, 11 Mei 2025

Mpendwa Mjomba Rubeni,

Shikamoo Mjomba. Poleni na baridi ya Njombe. Goti lako linaendeleaje? Na Mama Sylvester, kile kifua kimeachia? Sisi huku ni wazima. Mvua haitaki kukata, migomba ya Mama imeanza kulala, lakini tunakula na tunacheka.

Uliuliza kama bado nipo dukani kwa Mama napima sukari. Hapana Mjomba, tangu Machi najaribu ukocha. Mwalimu Waitara, mkuu wa shule moja ya msingi kule Nyanungu, alikubali niwafundishe watoto wake mbio mpaka mashindano ya wilaya, nijione kama naiweza kazi hii kabla sijaomba chuo cha michezo. Siku za shule nalala kwa dada Rose, Ijumaa narudi mjini.

Niliipenda haraka. Kuna binti anaitwa Neema, mwembamba, anakimbia pekupeku. Viatu nilivyompelekea anavaa kanisani tu. Nilimfundisha kupumua akiwa anapanda mlima, na wiki iliyofuata aliwaacha wavulana wote. Siku hiyo nilirudi kwa Rose naimba njia nzima.

Sasa nikueleze ya Jumatano.

Asubuhi ilikuwa ya ukungu mzito. Kawaida watoto hushuka mpaka kivuko cha mto, wanazunguka shamba la mihogo, wanarudi. Mimi hubaki uwanjani na saa. Niliwaruhusu, ukungu ukawameza, nikawa nasikia miguu yao tu. Halafu sikusikia kitu. Ng'ombe waliokuwa wanakula pembeni waliinua vichwa wote kwa pamoja, wakatazama upande wa mtoni.

Mimi sikufungua mdomo, Mjomba. Filimbi ilikuwa mfukoni.

Baadaye kidogo watoto wakatokea, wanatembea, wameshikana mikono kama wa chekechea.

"Mbona mmerudi?" nikauliza.

"Si umetuita, Madam."

"Sijaita mtu. Neema yuko wapi?"

Wakatazamana. "Yeye umemwambia asimame."

Nilikimbia mpaka nikahisi damu mdomoni. Nilimkuta amesimama wima katikati ya njia, amenipa mgongo. Mbele yake kidogo tu njia ilikuwa imekwisha. Mvua ya milimani ilikuwa imeujaza mto, ukingo umemegwa, na pale kwenye kivuko maji mekundu yalikuwa yanapita na miti mizima. Nilipomgusa bega alishtuka. Alinitazama, akatazama ng'ambo, akanitazama tena.

"Umevukaje, Madam? Ulikuwa kule."

Alisema ilikuwa sauti yangu kabisa, ila ilikuwa inasema Kikurya. Kikurya changu unakijua mwenyewe, cha kuombea chumvi. Maneno aliyoyarudia kwangu ni ya kizamani. Hata Rose ilibidi amuulize mama mkwe wake. Maana yake: simama hapo, panatosha.

Jioni baba yake, mzee Werema, alikuja na jogoo kunishukuru. Nilimwambia siyo mimi niliyemwita mtoto. Alitazama upande wa mtoni, akiwa bado amemshika jogoo miguu.

"Usiseme hivyo mbele ya watoto," akaniambia. "Waache wajue ni wewe."

Nikampokea jogoo.

Alhamisi tulifanya mazoezi palepale uwanjani. Watoto walinitii kuliko siku zote. Nikiwasimamisha wanasimama kama wamepigwa misumari, hakuna anayecheka. Lakini mara moja, wakiwa wamesimama hivyo, waliacha kunitazama mimi wakatazama nyuma yangu. Halafu wote wakaanza kukimbia kabla sijasema neno. Nilijizuia kugeuka. Nilipogeuka mwishowe, kulikuwa na uwanja na ukungu tu.

Mama anasema niache. Mimi nimeamua kesho narudi. Njia ya mtoni nimeifuta, na sasa nitakuwa nakimbia nao, mimi mbele. Siwezi kuwaacha watoto kwa mwingine ambaye simjui. Ila naogopa, Mjomba, na huku hakuna wa kumwambia. Wewe umefundisha michezo mpaka umestaafu. Jambo kama hili liliwahi kukupata? Niambie ukweli, hata kama ukweli wenyewe ni kwamba niache.

Mama anakusalimu sana. Nisalimie Mama Sylvester, Sylvester mwenyewe, na Regina na kichanga wake ambaye sijamshika bado. Mungu awalaze salama na kuwaamsha salama.

Nijibu kwa barua, hata ikichelewa. Usinipigie. Simu yako ya juzi niliiona ikiita, nikaiacha. Kwa sasa sitaki kusikia sauti ya mtu nimpendaye bila kuuona uso wake.

Mpwa wako akupendaye,
Eunice