Diski Ndogo

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na wapwa zangu. Natumaini goti lako limepoa, na kwamba kitindamimba wako amekubali kuvaa miwani yake. Mimi ni mzima, ila maandishi nayataka makubwa zaidi kila mwaka.

Kompyuta nimenunua. Ile ya zamani, ambayo kifuniko chake nimekuwa nikikifunga kwa mpira ili kisidondoke, iligoma kabisa wiki iliyopita nikiwa katikati ya habari ya bomba la maji lililopasuka. Ulinionya nisiingie dukani kabla ya kuandika ninachohitaji. Niliandika. Kazi yangu ni kuchapa habari, kuzituma na kusikiliza mahojiano. Naibeba begani kutwa nzima, na umeme ukikatika habari haingoji. Kwa hiyo nilitaka kompyuta nyepesi, yenye betri ya kushinda nayo na vitufe imara, kwa bei tuliyokubaliana.

Muuzaji ni mama mmoja mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Aliniuliza kama nahariri filamu. Nikasema hapana. Akauliza kama nacheza michezo ya kompyuta. Nikasema hapana. Akataka kujua, basi, kwa nini nimeikodolea macho ile kubwa yenye taa nyekundu. Nilimjibu kwamba yenyewe ndiyo iliyoanza kuniangalia. Alicheka, akaniteremshia tatu za saizi yangu.

Hapo nilimkumbuka Mama siku aliyonunua cherehani. Ulikuwepo, ulikuwa umenishika mkono nisiguse vitu. Hakuanza na bei. Aliomba kipande cha kitambaa, akakaa, akafumba macho, akawa anakanyaga na kusikiliza. Mwenye duka alimuuliza kama amekuja kununua au kulala. Mama akamwambia kwamba mlio huo ndio atakaoamka nao kila siku, rangi anaweza kuifunika kwa shuka. Tuliondoka na ile iliyochubuka, na ikashona sare za nusu ya mtaa. Mimi pia nilifumba macho, nikachapa anwani ya nyumba yetu ya zamani kwenye kila kompyuta. Ya pili ilikuwa na vitufe vinavyoitika vizuri. Nikaichukua.

Ila uliniomba jambo moja: nichukue yenye diski kubwa, ili sauti ya Mama ipate pa kukaa, na mkija likizo wapwa zangu wamsikie bibi yao. Muuzaji naye alinishauri hivyo, na pesa ilitosha. Nimechukua yenye diski ndogo kuliko zote. Dada, sauti ya kuhamishia humo haipo.

Unakumbuka nilimrekodi saa nzima akiwa anapinda sketi dirishani. Baadaye, nilipoandika tanzia yake gazetini, nilinukuu sentensi mbili kutoka humo. Mhariri wangu wa kwanza alinifundisha kwamba habari ikishatoka, na wiki mbili zikapita bila malalamiko, sauti inafutwa, ili mtu aliyeniamini asije akadhurika nayo. Sijawahi kukiuka. Wiki mbili baada ya tanzia nilikaa mezani nikafuta tatu kwa mpigo: mwenyekiti wa soko, dereva wa lori na Mama. Niligundua nikiwa nanawa mikono.

Ulipopiga simu kuuliza, nilisema faili imo ila inagoma kufunguka. Imegoma miaka sita. Kompyuta ile ya zamani nimeipeleka kwa mafundi wawili, wote wamesema kazi zangu mpya zimeshaandikwa juu ya faili iliyofutwa na hakuna cha kuokoa. Hilo nimelijua tangu mwaka wa kwanza. Nimekudanganya, na nakuomba radhi.

Kilichobaki ni daftari. Kabla ya kuandika habari huwa nanakili kila neno, na Mama nilimnakili vivyo hivyo, kurasa ishirini na mbili, pamoja na alipokohoa, alipokata uzi kwa meno na aliponiuliza mara tatu kama nimekula. Nimezichapa zote kwenye kompyuta mpya kabla ya kazi nyingine yoyote, na nakala nimeiweka ndani ya bahasha hii.

Soma ukurasa wa kumi na tisa. Mama anasema lile gauni lako la buluu, ulilolililia hadi ukakosa sherehe ya shule, halikuliwa na panya. Aliliunguza yeye kwa pasi, akalikata pale palipoungua na kuwasingizia panya, kisha akashindwa kulisema kwa zaidi ya miaka thelathini. Aliniagiza nikufikishie, na akaongeza kwamba nisubiri kwanza uwe umeshiba. Sikukufikishia. Ningekwambia, ungetaka kumsikia akilisema mwenyewe.

Sasa ujumbe umekufika. Nakuomba usipige simu kabla hujala.

Nisalimie shemeji, na uwaambie wapwa zangu waje tu likizo. Nitawasomea mimi, pamoja na vikohozi.

Ni mimi mdogo wako,

Kasuku, kama alivyoniita Mama kwa kurudia kila nilichosikia