Linki ya Zamani

Jumatano, 6 Agosti 2025

Mugenzi amekuja mpaka mezani kwangu leo. Bosi ambaye hata salamu huituma kwa WhatsApp! Akachezea funguo za gari, akaangalia dirishani, halafu: "Natacha, iko kakazi kadogo tu. Ni domeni moja ya kuelekeza mahali pengine."

Domeni gani? Natacha-na-armel.

Anwani hiyo ya tovuti ni yangu. Niliisajili mwenyewe mwaka jana, kwa jina langu, ili watu wapate mwaliko wa harusi yangu mtandaoni. Mwezi wa tano Armel akaniacha. Sasa anamwoa Pretty, Jumamosi ya wiki ijayo, ukumbi ule ule tuliouchagua pamoja. Ndugu zake wote, Kigoma mpaka Ubelgiji, wana linki ya zamani. Kwa hiyo linki ya zamani iwapeleke kwenye harusi mpya. Wasisumbuke!

Mugenzi ndiye mwenyekiti wa kamati ya harusi hii. Na ya ile yangu alikuwa yeye yeye.

Alhamisi, 7 Agosti

Armel amepiga simu. Umbabarire, umbabarire — leo ndiyo amekumbuka Kirundi cha kuomba msamaha. Nikamuuliza kwa nini asiwapigie ndugu zake, awaambie bibi harusi ni mwingine. Akasema wataona wenyewe kwenye linki, ni rahisi kwa kila mtu.

Rahisi! Mwanaume mzima, anaiachia tovuti iseme kwa niaba yake.

Basi abadilishe ukurasa wenyewe, nikamwambia. Hawezi. Uko kwenye seva ya bure aliyoifungua yeye, na nywila ameisahau. Amesahau mengi yule. Imebaki njia moja, rekodi za DNS, zile zinazoiambia mitandao domeni ipo wapi. Na hizo ninazo mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Mama anasema nimpe. Pete ilirudi. Ng'ombe wa mahari alikuwa Ndera kwa mjomba, naye akarudi, pamoja na ndama aliyezaliwa huko. Mjomba alitaka kubaki na ndama, mama akakataa katakata, hataki kwake ibaki hata kwato ya watu wale. Sasa limebaki hilo dude la kwenye kompyuta. "Mwache aende na vyake vyote, mwanangu."

Vyake! Jina linalotangulia mle ni la nani?

Nimelia. Nikasingizia vitunguu, na vitunguu vyenyewe bado havijamenywa.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefanya.

Mugenzi alitaka kabla ya mchana. Akagusia, kwa kupitia tu, kwamba mikataba yetu inaangaliwa mwisho wa mwezi. Nimeelewa, mimi si mtoto.

Kazi yenyewe ni mistari michache. Ile laibrari ya JavaScript tunayoitumia kwa wateja wote, unaitajia domeni, unaipa anwani mpya, inapeleka. Lakini kabla ya kubadilisha huwa naiambia inisomee rekodi iliyopo. Ikasoma. Nikaona TTL: wiki nzima!

Huo ni muda ambao mitandao inaruhusiwa kukumbuka jibu la zamani kabla ya kuuliza tena. Sisi wa kazi hii tunaweka saa moja, maana mambo hubadilika. Ndivyo ninavyowafundisha wanaoanza kazi. Kwa harusi yangu nikaweka wiki. Nilikuwa nimependa, na mapenzi hayana akili. Sikuona kitu gani kingebadilika.

Maana yake kuna watakaoendelea kuona picha yetu, mimi na Armel, mpaka Jumatatu ijayo. Harusi itakuwa imeshapita!

Mugenzi akauliza, "Imeisha, sindiyo?" Nikasema imeisha. Hakuuliza itawafikia watu lini, na mimi sikusema. Nilijua. Acha wachanganyikiwe, acha safari hii aibu iwe yao. Nikaenda nikala melanje, ule mchanganyiko wa kila chakula, sahani nzima, ikashuka vizuri.

Jumatano, 13 Agosti

Kwenye simu yangu linki inamleta Pretty. Gauni zuri, sitasema uongo.

Kwenye simu ya dada wa kantini bado ni mimi. "Hongera, Natacha, siku zimefika!" Nimecheka mpaka akashtuka.

Ijumaa, 15 Agosti

Asomusiyo, sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni, ofisi imefungwa. Nimetoka misa, sijavua hata viatu, simu ya Tanzania inaita.

Shangazi Daphrose. Shangazi yake Armel, wa Kigoma. Yule aliyenipima kwa uzi siku ya kutolewa mahari, akafunga mafundo, kiuno, kifua, mabega, akauweka uzi kwenye pochi bila kusema ni wa nini.

"Mkwe wangu, nimeshashuka stendi ya Nyabugogo! Armel nampigia hapatikani, nikasema basi nimpigie mwenye harusi."

Nikasema, "Shikamoo shangazi."

Hajui. Mungu wangu, hajui! Hakuna aliyemwambia, kila mmoja aliiachia linki. Naye linki anaifungua kila asubuhi. Ameifungua na leo, pale mpakani Rusumo, aone jina la ukumbi. Ametuona wawili. "Mmependeza, nimewaonyesha watu wa basi zima." Ameniletea gauni la kitenge, la siku ya gutwikurura, ndugu wanapokuja kumfunua bibi harusi. Ameshona kwa mkono, na macho yake yale. Kumbe uzi ulikuwa wa hilo.

Nilitaka Armel apate aibu. Armel yuko wapi? Simu imezimwa. Aliyekaa kwenye benchi Nyabugogo na mizigo ni bibi wa watu ambaye hakunikosea chochote.

Nimemwandikia Mugenzi, kamati itume mtu. Amejibu: "Kwani linki haimuonyeshi?"

Naandika nimesimama getini hapa Busanza, moto, pikipiki niliyoiita, inapanda kilima. Nimemwambia asiondoke, nakuja kumpokea. Nitamwambia nini sijui. Nimejaribu kupanga maneno, yanakataa.

Anapiga tena. Anauliza kama nimenenepa, maana kiunoni mwa gauni hakuacha nafasi.