Fundo Limefunguka

Mwenzangu, uko wapi? Shika simu.

Lile fundo limefunguka. LIMEFUNGUKA!

Si unajua nilivyokuchosha na habari zake? Maji ya kwenye hesabu, tunayoyaigiza kwenye kompyuta, yasiyo na mnato hata chembe, yaani hayanati wala kujisugua: mzunguko wake ukijifunga fundo, haufunguki milele. Kitabu kizima cha Profesa wetu kimesimama hapo.

Siku zote anatusisitizia tusimamishe kompyuta baada ya saa moja. Leo nimesahau, nikaenda kula. Narudi nakuta fundo hakuna, kuna pete mbili, kila moja na njia yake.

Nikapekua programu mstari kwa mstari. Mnato umo! Kidogo sana, kazi yake haionekani mpaka saa moja ipite, umefichwa ndani kabisa, tangu miaka sita iliyopita. Na jina la aliyeuweka ni la Profesa.

Nikadhani kapitiwa tu. Nikamwita kwa nia njema. Akatazama kioo cha kompyuta, wala hakushtuka. Mwenzangu, hakushtuka! Akaenda akafunga mlango.

“Nani mwingine ameona?”

Nikasema hakuna.

“Hakuna?”

Hakuna, Profesa.

Akatabasamu. “Hata yule rafiki yako wa ghorofa ya pili?”

Mimi sijawahi kumtajia habari zako. Hata siku moja.

Ile picha ya pete mbili niliyokutumia mchana, ukaicheka, usiifute. Itoe kwenye simu, uiweke mahali pengine. Fanya sasa hivi, maana ametoka hapa na amepita upande wa ngazi za kushuka kwako.